Utaelewa Ukikua

Hakuna swali la mtoto lililowahi kumshinda mwalimu wa darasa la Jumapili. Muulize yeyote. Siku hiyo watoto walikuwa wakipaka rangi picha ya safina ya Nuhu katika chumba cha nyuma ya kanisa, kule viti vibovu vinakohifadhiwa. Mwalimu, kijana wa kidato cha nne mwenye maneno mengi, alikuwa akiwachongea penseli kwa wembe.

Kijiti, msichana wa miaka saba, hakupaka.

"Mwalimu, tulimwombea mama apone, akafa. Jirani alimwombea mumewe, akapona. Mbona Mungu alimsikia jirani tu?"

Mwalimu akapuliza vumbi la penseli. "Utaelewa ukikua."

Kijiti akakua. Gauni lilimpanda juu ya magoti, viatu vikapasuka visigino.

"Nimekua. Haya, niambie."

"Huyu mlingoti atatuzibia ubao," mvulana mmoja alilalamika.

"Ukikua zaidi," mwalimu alisema, akachukua penseli ya kijani.

Kijiti akajaa mabega, benchi likalia chini yake. Bibi yake, aliyekuja kumchukua, alimtazama kutoka mlangoni, akavua shali yake akampa ajisitiri.

"Mjibu mtoto, mwalimu, tuna safari."

"Mambo haya mazito, bibi. Hata mtu mzima hayawezi."

Nywele za Kijiti zikaota mvi. Mwalimu, kwa kuwa alilelewa kwa adabu, akasimama.

"Shikamoo."

"Marahaba. Bado nasubiri."

Kengele ikalia. Bibi na mjukuu waliondoka wakipokezana fimbo moja, kila mmoja akimwambia mwenzake atazame ngazi.

Jumapili iliyofuata Kijiti alihamishiwa kwenye kikundi cha akina mama wazee, akapewa kiti chenye mto. Huko ukiuliza unaambiwa utaelewa ukifika mbinguni. Kijiti hajawauliza kitu. Anajua yanavyokwenda.

Kwa hiyo, kama nilivyosema, mwalimu hakushindwa. Alikuwa na kazi ya penseli tu.

"Kijana," anasema ajuza wa kiti chenye mto, ambaye sikujua kama ananisikiliza, "huyo mwalimu unayemsifia kwa watu si wewe mwenyewe? Mimi nilikuwepo. Niliuliza habari za mama yangu."

Nikapapasa mfukoni nitafute penseli. Zote zilikuwa zimeshachongwa.