Mwaridi wa Wangechi

Asubuhi hiyo Wangu alitoka Nakuru na waridi moja tu mkobani, amelizungushia kitambaa kibichi na kulitia ndani ya pakiti ya maziwa. Lilikuwa la rangi ya chai yenye maziwa mengi, na harufu yake ilikuwa kama ya plamu zilizoiva. Jina lake hakuwahi kulijua. Alichojua ni kwamba mwaridi mama, ule alioukatia kijiti akaja kukipanda mlangoni pake Nakuru, ulikuwa umesimama juu ya kaburi la mtoto wake wa kwanza, Wangechi, kule karibu na Elburgon, na kwamba leo greda lingepita hapo.

Aliyempigia simu ni Jepleting, mwenye shamba wa sasa, aliyezoea kumwita kwa jina la mwanawe mwingine.

"Mama Ndegwa, barabara inapanuliwa. Fensi yetu yote ya mbele inaenda. Uliwahi kuniambia mko na mtoto amelala huku. Kuja haraka, mama."

Wangu alikuwa amemwambia hivyo mara moja tu, siku ya kutia sahihi ya kuuza, miaka mingi iliyopita. Kumbe mwanamke yule aliliweka neno hilo moyoni.

Yeye na marehemu mumewe, Mathenge, walilihama shamba hilo mwaka wa fujo, watu walipokuwa wakifukuzwa makwao, juu ya lori, pamoja na godoro na kuku wawili. Hawakurudi kulima tena. Sasa Wangu alipofika hakulitambua. Nyumba haikuwapo. Mti wa mtarakwa aliokuwa akiutumia kama alama ya kaburi ulikwisha kuwa mbao. Msalaba mdogo wa Wangechi ulioza zamani. Yaliyobaki ni mawaridi, na mawaridi yalikuwa mengi, kwa maana watu wa huko wana desturi ya kuombana vijiti na kuvichomeka kwenye fensi. Yalijipanga kando ya barabara, mekundu, ya manjano, ya waridi hafifu, mengine yamepandana hata usijue shina la nani ni lipi.

Alikuja na mjukuu wake, Kui, anayepanga maua katika shamba moja la maua upande wa Naivasha. Kui alitoa simu yenye programu ya kutambua maua, akapiga picha kichaka cha kwanza.

"Shosho, inasema huyu ni Madamu fulani wa Ufaransa." Akapiga tena kutoka upande wa pili. "Ngoja. Sasa inasema ni binti mfalme."

"Piga ya tatu," Jepleting akasema, "itakuambia ni mbuzi."

Wakacheka wote, hata Wangu. Kisha ngurumo ya greda ikasikika kutoka chini kwenye daraja, na kicheko kikakatika.

Dereva wake, kijana aitwaye Kipkorir, alikuwa amekuja mapema kuwaona. "Mathe, mimi ni mtu wa kutumwa," alisema, akitazama viatu vyake. "Nitaanzia kule kwa daraja, nije polepole. Lakini nikifika hapa msimamizi anikute nimesimama, kazi yangu imeisha." Halafu akaomba chai, akainywa kidogo kidogo. Wangu aliona kwamba kijana hakuwa na kiu.

Basi Wangu akaanza kutafuta. Kichaka baada ya kichaka, alishika ua lake mkono mmoja na ua la fensi mkono mwingine. Alitazama petali, akageuza majani, akapapasa miiba kwa kidole gumba, akanusa hadi pua ikachoka na kila kitu kikanuka majani mabichi. Hakuna lililofanana. Moja tu, la waridi hafifu, lilikaribia rangi.

"Labda jua limelibadilisha," akasema, ingawa hakuamini.

Kibii, mume wa Jepleting, hakuuliza swali. Alishika jembe, akachimba chini ya kichaka hicho mpaka shati likamganda mgongoni. Udongo ulitoka mabonge mabonge, mgumu, umejaa mawe. Wangu alichukua bonge moja, akalivunja.

"Wacha, baba. Udongo huu haujawahi kufunguliwa tangu Mungu auumbe."

Greda lilikuwa limepita boma la jirani. Sasa walilihisi miguuni. Wangu alitaka kuomba, lakini maneno hayakuja, likaja jina tu. Wangechi. Wangechi. Akaketi pale pale kwenye nyasi.

"Nilimzika mara moja," akasema. "Leo nampoteza mara ya pili."

Kui akainama kumshika. Wangu, akijaribu kuinuka, alikamata tawi lililokuwa karibu, na mwiba ukamchoma. Kilikuwa kichaka kirefu ovyo, chenye vishada vya maua meupe madogo kama ukucha.

"Huo achana nao, Shosho. Hiyo ni magugu tu."

Lakini Wangu hakuachia. Mkono ulikuwa umekumbuka kabla ya kichwa. Alilitazama jani: vijani saba juu ya kikonyo kimoja. La waridi lake lilikuwa na vitano. Na hivi saba alivijua. Kila baada ya mvua alikuwa akiinama kaburini na kuvunja machipukizi ya namna hii yaliyotoka chini ya shina. Mathenge, aliyeung'oa mwaridi mzima kwenye bustani ya mzungu na kuuleta kwa baiskeli, ndiye aliyemfundisha. "Kata hao wageni," alikuwa akisema. "Wanakula chakula cha mwenyewe."

"Kui," akasema, "fukua hapa chini. Kwa mikono."

Kui akafukua, na uso wake ukabadilika. Chini ya matawi meupe palikuwa na fundo kubwa kama ngumi, na juu ya fundo kisiki cheusi, kikavu kabisa.

"Shosho, hata kwetu kazini miwaridi miwili huunganishwa hivi," akasema taratibu. "Mizizi ni ya mmoja, kichwa ni cha mwingine. Usipokata ya chini, ya juu inakufa."

"Sikuwapo kukata," Wangu akasema.

Kibii alichimba kando ya kisiki. Hapa udongo ulikuwa laini na mweusi, jembe likaingia kama kwenye uji. Shimo lilipomfika kiunoni aliliweka jembe kando, akaendelea kwa viganja. Hatimaye akanyoosha mkono. Kiganjani palikuwa na udongo, na pini iliyoliwa na kutu, ya shali aliyozikwa nayo mtoto. Mtoto wa miezi michache haachi zaidi ya hapo.

Ngurumo ikazimika ghafla. Kipkorir alikuwa ameshuka, amevua kofia, na hakutazama nyuma kuona kama msimamizi anakuja.

Wangu alitandika leso. Akauchota ule udongo wa kaburi kwa mikono yake mwenyewe, akaweka pini juu, akafunga.

"Tukimzika nyumbani tumpandie ule wa mlangoni," Kui akasema. "Ni ule ule wake."

Wangu alitazama fundo, kisiki kikavu, na yale matawi aliyoyavunja mwaka baada ya mwaka.

"Ng'oa huu. Na mizizi yote."

"Huu mweupe? Shosho, huu si ule."

"Ule ulikufa, mama," Wangu akasema. "Huu ndio uliokaa naye."