Swali la Kumi na Saba

Tulikuwa wanne kwenye mafunzo yale ya mwaka 1996, na mimi peke yangu ndiye niliyezaliwa Mji wa Kale. Nilijivunia hilo, sifichi. Daktari Jael alikuwa akitufunza kutafuta kinachowadhuru watoto majumbani mwao: vumbi, moshi, maji, rangi za kuta. Wenzangu watatu, Ngowa akiwemo, walipotea vichochoroni wakabaki kuuliza njia. Mimi niliingia kila nyumba nikiitwa kwa jina, nikakaribishwa chai, nikatoka na fomu zimejaa.

Alhamisi ile fomu yangu moja ilikuwa mezani kwa daktari, nami jasho lilikuwa likinitoka.

Ilikuwa ya Sufyan, mtoto wa miezi kumi, wa nyumba ya nyuma ya Ndia Kuu. Alishikwa na degedege, damu yake ikakutwa na risasi nyingi, risasi ile madini. Nilitumwa kwao nikatafute inatoka wapi. Sikutafuta sana. Babake, Sheikhan, alikuwa akiyeyusha risasi uani na kusubu chubwi, vile vizito vya kuzamisha mishipi ya wavuvi wa Liwatoni. Nikaandika jina lake kwa herufi kubwa. Alizima jiko siku ile ile, mchanga wa uani ukachimbwa wote. Hata hivyo wakwe zake walimkataza kumgusa mwanawe, nami nikawaunga mkono, tena kwa ukali kuliko wao.

Sasa mtoto alikuwa na wiki tatu wodini, mbali na jiko, mbali na babake, na majibu mapya kutoka Nairobi yalisema risasi haikupungua. Ilikuwa imeongezeka.

"Maabara wamekosea," nilisema.

"Wamepima mara mbili." Daktari Jael hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Wodi wanataka kitanda chao. Saa sita mchana anarudishwa nyumbani. Akirudi kwenye kitu tusichokijua, degedege likamshika tena, sijui kama atapona. Nisomee fomu yako, swali moja moja."

Nilisoma. Maji, ya bomba. Kuta, chokaa. Sufuria, za kawaida. Swali la kumi na saba, mtoto hupakwa vipodozi? Hapana.

"Nani alijibu hilo?"

"Nyanyake mzaa mama, Bi Mwanakhamis. Alinicheka. Alisema, 'Mtoto mdogo na vipodozi, wapi na wapi!'"

Ngowa, Mgiriama wa Kaloleni niliyekuwa nikimtania kila siku kwa Kiswahili chake, aliinua kichwa kutoka kwenye fomu zake. "Lakini si hupakwa wanja, watoto wa huko? Wa kwanza niliyemwona nilidhani ni msichana."

Nilitaka kumjibu vibaya. Kisha nikakumbuka. Sufyan alikuwa na wanja siku ile, macho yote mawili, mweusi tii, na mstari kwenye nyusi. Nilimbeba, nikasema mashallah, nikaandika hapana. Kwetu wanja si kipodozi. Ni dawa ya macho, ni kinga ya husuda, mtoto huanza kupakwa angali mchanga kabisa. Mimi mwenyewe nilipakwa. Nilikuwa nimeuzoea hata siuoni tena.

"Wanja wa manga ni jiwe la kusaga," nilisema polepole. "Na jiwe lenyewe..."

"Mara nyingi ni risasi," alisema daktari, akatazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

Sikungoja gari. Nilikimbia na buibui langu hadi hospitali, watu wakinitazama.

Wodini Bi Mwanakhamis alikuwa ameshamvika mjukuu wake kanzu mpya ya kutokea. Alimlaza mapajani, kichupa cha wanja kando, kijiti chake mkononi karibu na jicho.

"Bibi, usimpake!"

Nilimshika mkono. Bibi wa watu, mtu mzima, mbele ya wodi nzima, bila hata salamu.

"Mwanaesha! Wanishika mkono? Salamu zimekwenda wapi?"

"Niwie radhi, bibi. Humpaka kila siku, hata humu?"

"Kulla siku, baada ya kumkosha. N'muate mwana na mato matupu, watu wapita wakimuangalia? Wanda ni dawa."

"Ndio unaomtia sumu."

Nilimweleza yote. Nilimwambia pia kwamba nilimuuliza vibaya. Ningemuuliza wanda, kama tuuitavyo wanja nyumbani, asingenificha.

"Ningekwambia," alisema. "Ningekuonyesha na kichupa." Alikirudisha kijiti ndani, akaziba, akakosa pa kuiweka mikono yake. "Na babake tukamwita muuwaji."

Daktari Jael aliingia akihema, akachukua kichupa, akamwambia muuguzi mtoto aoshwe macho na asitoke leo.

Sheikhan alikuwa nje, kwenye ngazi, alipokuwa akikaa kila siku kwa wiki tatu kwa sababu ndani nilimkataza. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Aliponiona aliinuka, akarudi nyuma hatua mbili kunipisha, kama nilivyomzoesha. Niliona haya.

"Kosa ni langu," nilisema. "Si wewe unayemdhuru."

Hakuuliza ni nini basi. Aliuliza kama anaweza kumshika mwanawe.

Nikamwambia ndiyo. Alipanda ngazi mbio, kisha akasimama katikati, akanigeukia.

"Niandikia," alisema. "Niandikia kwenye karatasi, wasije wakanirudisha mlangoni."

Nilikaa pale pale kwenye ngazi nikaandika.