Mpira wa Kushoto

Mjomba alipoomba mpira wa injini kwenye pikapu ya kaka, mama alimnunia siku nzima. Pikapu yake mjomba ilikuwa inatetemeka mpaka milango inagongana. Mpira wa kushoto, ule unaokaliwa na injini, ulikuwa umechanika, na madukani mipira ya magari kuukuu kama yale haipatikani tena.

"Dada, asiyekuwepo na lake halipo," mjomba akasema.

"Lake lipo," mama akamjibu. "Ulimwona nani akaacha gari zima akapotea?"

Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake. Kaka alikwenda kutafuta kazi mbali, akaacha pikapu uani, akaapa ataifuata. Tangu hapo hakuna simu wala salamu. Mama aliifuta vumbi kila asubuhi, na kuku waliothubutu kupanda boneti walikiona cha mtema kuni. Mimi, niliyekuwa fundi wa magari kwa ukaidi wangu mwenyewe, nilishachoka kumngoja yule mtu. Ila ulimi niliufunga, maana mama alikuwa amebakiwa na hilo tu.

Mwishowe akakubali. "Toa huo mmoja. Na uurudishe kabla hajafika."

Nikaingia chini ya gari. Nikaweka jeki chini ya injini, juu yake kipande cha ubao nisije nikatoboa sampo, lile bakuli la oili, nikainyanyua kidogo. Mama alichuchumaa pembeni kunishikia spana, akinionya nisikwaruze kitu. Kule ndani huoni, unapapasa. Nikapapasa bolti, hakuna. Nikapapasa tena, nikashika waya uliozungushwa, na chini ya waya matambara yaliyolowa grisi. Nikaukata. Kipande cha mti kikanidondokea kifuani.

Kumbe kaka alishautoa mpira zamani, bila shaka akauuza, akachomeka mti mahali pake ili injini isilale tukashtuka. Mwenye nia ya kurudi hafanyi hivyo. Nilikasirika hadi macho yakaniuma. Nikakiviringisha kile kigogo ndani ya tambara, nikitafuta uongo wa kumwambia mama: mpira umeoza, umeganda, chochote.

"Lete niuone," akasema.

"Mchafu, mama."

"Nimewaosha nyinyi, niogope grisi?"

Akalifungua tambara. Kigogo kilikuwa cha mviringo, upande mmoja kimekatwa kwa msumeno, upande wa pili kimelainika kwa kutwanga. Ulikuwa mchi wa mama. Ulipotea wiki ile kaka alipoondoka, na kwa ajili ya mchi huo mama alimwita shangazi mwizi mbele ya majirani. Shangazi hajakanyaga kwetu hadi leo.

Mama alikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Kaka yako alinisaidia kuutafuta," akasema. "Mpaka chini ya kitanda aliingia."

Nilimhurumia, na nilimchukia kaka kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

"Injini umeishikilia na nini sasa?"

"Na jeki, mama."

"Ishushe."

"Itaangukia chini, gari halitatembea tena."

"Mwanangu, nimesema ishushe."

Nikaifungua jeki taratibu. Injini ikalala upande, kitu kikalia ndani, basi.

Asubuhi kuku walikuwa juu ya boneti. Mama aliwapita na ndoo yake ya maji, akaenda kumwagilia mchicha.