Rangi Zinazoogopa Kutazamwa

Mwandoe anafumba macho juu ya hadubini, kidogo tu, apumzishe shingo, kumbe kufumba huko ndiko kuvukia usingizini. Amekwisha kupaka rangi kipande cha uvimbe wa dada yake Mghoi, kipande cha mwisho, hakuna kingine; rangi moja tu, nayo hung'aa kijani ikishika DNA, na chungwa ikishika RNA, mjumbe wake. Chungwa likizidi, uvimbe ni mbaya. Bi Wakio, mkuu wa maabara, alimwonya: Mwanangu, soma upesi, uzime taa. Taa inayoziwasha rangi hizi ndiyo inayozila. Naye akajibu: Bi Wakio, mimi si wa jana.

Sasa yumo njiani, na njia ni ya kioo, na chini ya kioo kuna mji mwingine wenye njia ileile. Kila nyumba ina kiini cha kijani katikati, kuta zake zinawaka chungwa kama makaa, nyumba baada ya nyumba, na njia inarudi ilikotoka. Mtu asiye na uso anatembea kando yake. Dada yangu anakaa wapi? anauliza Mwandoe. Nyumba zote ni zake, anajibu asiye na uso. Basi niambie, atapona? Hesabu makaa, usiyaote. Mwandoe anacheka kwa dharau: Vitendawili wape watoto! Anajiendea peke yake, anaingia mlango, mlango unamtoa njiani, anaingia tena, mpaka anamwona Mghoi kizingitini, kifua kijani, kanga ya chungwa.

Mdogo wangu, anasema Mghoi, majivuno hujayaacha tu? Nataka nikutazame vizuri, dada. Tazama, lakini usikae. Naye anakaa. Nani angeondoa macho? Anatazama, kanga inapauka. Anatazama, kifua kinafifia. Nyumba ya pili inazimika, ya tatu, mtaa mzima. Zimeni taa! anapiga kelele. Mkono ni wako, anajibu asiye na uso.

Anazinduka. Taa ya hadubini inawaka, hakuizima. Chini ya lenzi ni weusi mtupu, mji wote umekwisha. Mlango unagongwa, na sauti ya Mghoi inaita: We Mwandoe, majibu tayari? Benchi lenu limeshanizoea! Mwandoe anainuka, mkono kwenye kitasa, anasita. Akifungua, atamtazama, na alichokitazama kimezimika. Anarudi, anazima taa, kisha anafungua mlango akiwa amefumba macho.