Siku Atakayoisema Mwenyewe

Jeltje alikasirika babake alipomwomba daktari wa familia amsaidie kufa. Sheria yao huko Uholanzi iliruhusu, na saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mzee Wiebren, lakini binti aliona kama baba anamkimbia.

Daktari alikuja mara kadhaa, kisha, kama sheria ilivyotaka, akamleta daktari mwenzake asiyemjua mgonjwa, naye akazungumza na mzee faraghani. Siku waliyomkubalia, Jeltje alijifungia jikoni, akalia mbele ya sufuria ya supu ya njegere na soseji.

“Jeltje, supu inaungua,” babake aliita kutoka kitandani.

Alimpelekea bakuli kwa mazoea tu, maana wiki nzima mzee alikuwa hali kitu. Akashangaa kumwona anaimaliza.

“Umebadili mawazo, baba?”

“Sijabadili. Nilikuwa naogopa maumivu yatanizidi na nisipate wa kunisikiliza. Sasa nimesikilizwa, hofu imenitoka. Niongezee, na usininyime soseji.”

“Na siku yenyewe?”

“Nitaisema mimi. Wiki hii nina kazi ya kumfunga Sietse jirani kwenye karata.”

Sietse alifungwa majira yote ya baridi.

Mwezi Machi maumivu yalizidi kweli. Mzee akamtazama bintiye, akasema, “Kesho, mwanangu.” Jeltje ndiye aliyempigia daktari simu. Kisha akapanda kitandani, akajilaza kando ya babake, na akagundua kuwa hasira haikuwepo tena.