Kitufe Chekundu

Mama Tereza alilazwa hospitalini siku tisa bila mtu yeyote wa kanisa letu kumtembelea, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa mwaka 2012, nami nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Mchana niliosha vyombo katika jiko la shule. Jumatatu na Jumatano jioni nilikwenda mtaa wa Vällingby, hapa Uswidi, kwenye kozi ya kubuni kurasa za simu na kompyuta ambazo hazimsumbui anayezitumia. Wenzangu darasani walikuwa na umri wa binti yangu. Kila treni ilipokaribia kituo niliomba sala ile ile: Bwana, nifungue akili, nisiwapotezee watu muda.

Mwalimu wetu, Annika, alitupatia video za wataalamu wakihutubia makongamano. Nilizitazama nyumbani Rågsved mara mbili, mara tatu, binti yangu Natacha akinifafanulia maneno magumu kwa Kiswidi, mimi nikiandika kwa Kiswahili katika daftari langu la mahubiri. Mtaalamu mmoja, mama mzee aliyewahi kuwa muuguzi, alisema: usimuulize mtu kama kazi yako ni nzuri, mpe aitumie, kaa kando, nyamaza, tazama mikono yake.

Nilipiga mstari chini ya maneno hayo. Kuyatenda sikuyatenda.

Kazi yangu ya kozi ilikuwa ukurasa wa simu kwa ajili ya kanisa. Sisi ni Warundi, Wakongo na Wakenya, tumetawanyika mji mzima. Mzee wetu wa kanisa, Gabrieli, alikuwa akimpigia simu kila muumini siku ya Ijumaa, mmoja mmoja, kujua hali yake. Kwenye ukurasa wangu mgonjwa alibonyeza tu kitufe chekundu kilichoandikwa "Ninaumwa", na mzee alipata ujumbe papo hapo. Niliwaonyesha watu kumi na wawili baada ya ibada nikawauliza wanauonaje. Wote walisema ni mzuri sana. Mama Tereza, mjane anayeishi mtaa wa Fittja, alinishika mikono yote miwili akasema, "Mungu akuzidishie, mwanangu."

Niliandika katika ripoti kwamba wote kumi na wawili wameridhika. Mzee Gabrieli akaacha kupiga simu za Ijumaa.

Mwezi wa kumi na moja mama Tereza alishikwa na homa ya mapafu. Hakubonyeza chochote. Tulijua alipokuja ibadani amekonda, bado ana utepe wa hospitali mkononi. Hakumlaumu mtu. Jumapili mbili zilizofuata sikwenda kanisani. Nilipiga magoti nyumbani, maneno hayakuja.

Jumamosi moja mchana nilikwenda Fittja kumwomba radhi. Alinipa chai. Kwenye mlango wa friji palikuwa na barua ya hospitali: upasuaji, Jumanne.

"Hii umemwambia nani, mama?"

"Barua ni yangu. Nimwambie nani?"

Nilitamani kumpigia mzee Gabrieli pale pale. Lakini nikawaza, na mwingine atakayeugua baadaye je? Nikafungua ukurasa, nikamwekea simu mbele yake.

"Naomba unionyeshe ungefanyaje kumjulisha mzee. Mimi sitasema kitu."

Nikakaa kando. Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe chekundu, kikasimama, kikarudi. Aliifuta skrini kwa ncha ya kitenge. Kidole kikaenda tena, kikarudi tena. Kwetu, kumwacha mkubwa ahangaike nawe unatazama ni utovu wa adabu. Mikono iliniwasha hadi nikaikalia.

"Umekalia mikono kama mtoto aliyeiba sukari," alisema.

Akaigeuza simu kifudifudi.

"Kubonyeza ninajua, Juvénal. Wajukuu wangu wa Bujumbura ninawapigia kwa simu kama hii. Ila hapa unataka niseme mimi mwenyewe kwamba ninaumwa. Mtu hajitangazi. Anayeumwa anakosekana, wenzake wanauliza."

"Mbona uliniambia ni mzuri?"

"Ulikuwa umevaa suti. Na ulikuwa na furaha."

Niliomba kimya, safari hii maneno yakaja. Kisha nikatoa kompyuta kwenye begi. Nilifanya kazi pale pale mezani kwa muda wa saa mbili hivi, yeye akichambua maharage. Nikaondoa kitufe chekundu. Mahali pake nikaandika swali, "Ni nani hatujamwona?", na chini yake nafasi ya kuandika jina.

Nikampa tena simu. Alivaa miwani, akasoma, akaandika herufi moja moja, akatuma bila kuniangalia. Akaenda kuosha vikombe.

Haukupita muda, simu yangu ikalia. Alikuwa mzee Gabrieli.

"Ndugu Juvénal, nimeletewa jina lako hapa. Ni kweli, Jumapili mbili hatujakuona. Unaumwa?"

Mama Tereza aliendelea kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi tayari.

"Niko Fittja, mzee," nilisema mwishowe. "Usikate simu. Kuna jina la pili linakuja."

Niliandika jina la mama Tereza kwenye kompyuta, nikatuma. Maji yalikuwa yakitiririka bado kwenye sinki.

"Mwambie ni Jumanne," mama Tereza alisema, bila kugeuka. "Saa moja asubuhi."