Siku Mbili Zatosha

Katika nchi ya Tungamo, ambako hata mvua husubiri kibali kabla ya kunyesha, kuna kilima kiitwacho Kipeo, na juu ya kilima hicho kuna Chuo Kikuu chenye kuta nyeupe kiasi kwamba mtu aliye bondeni hawezi kukitazama mchana bila kufinya macho. Wakazi wake ni wasomi, na mali yao kuu si vitabu, kama mgeni angedhani, bali ni viti. Kila msomi ana kiti chake kilichochongwa jina lake mgongoni, na sheria ya Kipeo, iliyo kongwe kuliko maktaba yake, inasema kwamba kiti kisichokaliwa kwa siku mbili, ikifika ya tatu huhesabiwa hakina mwenyewe, na atakayewahi kukikalia ndiye msomi wa jambo hilo, awe analijua au halijui. Basi watu wa Kipeo hawaendi mbali, hawaugui kwa muda mrefu, na wakifiwa huzika haraka. Kiti kirefu kuliko vyote ni cha Mkuu wa Chuo, Profesa Magwaru, na kutoka kiti hicho hutoka amri zote za mlimani, pamoja na amri ya lango la maji.

Lango hilo ndilo lililoleta balaa. Zamani mto Lweza ulishuka kutoka Kipeo hadi bonde la Mivuje usiku na mchana, bila kuombwa na mtu. Kisha wasomi wakaona wanahitaji mahali pa kutafakari, wakaufunga mto wakafanya bwawa, nao wakawa wanakwenda jioni kusimama ukingoni na kutazama nyuso zao majini, kwa kuridhika sana. Mivuje wakafunguliwa maji siku mbili kwa juma, na wakaambiwa washukuru.

Sasa, watu wa Mivuje hula muhogo mchungu, kwa kuwa ardhi yao haikubali kingine. Muhogo ule una sumu, na sumu yake ina adabu zake: ukiuvundika siku nne katika maji yanayotembea, huondoka, ukiuharakisha, hubaki, na hukaa kimya mwilini ukingoja. Kila mwanamke wa Mivuje alilijua hilo kabla ya kujua kusuka nywele. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuwa na maji ni kingine, na njaa haina subira. Wakavundika siku mbili, wakala. Mwaka wa pili miguu ya watoto ikaanza kukataa.

Bi Namtende alikuwa na wajukuu wawili, basi, hana mwingine duniani. Mkubwa, Zuhena, ndiye aliyekuwa akiwashinda mbio watoto wote wa bondeni. Asubuhi moja aliamka akataka kusimama, magoti yakagongana, visigino vikagoma kugusa chini, na tangu siku hiyo anatembea kwa fimbo mbili. Mdogo, Rehani, ana miaka minne na bado anakimbiza kuku. Bibi yake kila alipomwona akikimbia, moyo ulimpasuka, maana alijua anachomlisha. Alitaka kitu kimoja tu: mto urudi kabla ya miguu ya Rehani kuondoka.

Akapanda Kipeo. Wakamsikiliza vizuri sana, wakampa na soda.

"Mama, hoja yako ni nzito," Profesa Magwaru akamwambia. "Tutakuletea mtafiti."

"Baba, mimi sikuja kutafuta mtafiti. Nimekuja kutafuta maji."

"Ndiyo hayo hayo," akasema Profesa.

Mtafiti aliyeshuka aliitwa Daktari Hezroni, kijana mpole, mwenye maswali mia moja na ishirini kwenye karatasi. Alihesabu watoto, akapima miguu yao kwa utepe, akaandika. Alimwona Bi Namtende akitia mihogo majini siku ya kwanza. Siku ya pili akaanza kufunga mizigo, jasho likimtoka.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" Bi Namtende akamuuliza. "Kazi hujaiona. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kaa, kesho tulime, utaona maji yakifungwa nasi tukiutoa muhogo haujalainika."

"Mama, nikikaa hadi kesho nitakuta mtu kitini kwangu."

Alisema kweli, masikini, na kweli yake ikawalemaza wengine. Alichokiona kwa siku mbili ndicho alichokiandika: kwamba watu wa Mivuje huvundika muhogo siku mbili, na kwamba ugonjwa wa miguu huenda unatokana na kurithi, au uchafu, au imani potofu. Profesa Magwaru alipoona neno la siku mbili alicheka kwa furaha, kwa sababu siku mbili ndizo alizokuwa akitoa. Kitabu kikachapwa kwa jalada gumu, kikaitwa Siku Mbili Zatosha, kikapata nishani. Na nakala moja, kwa ukarimu, ikapelekwa Mivuje, ambako walifunikia mtungi.

Haukupita muda wafadhili kutoka ng'ambo ya milima wakatuma habari: wanataka kuona chuo kikishirikiana na jamii. Wangetoa kila kitu, ila kwa sharti moja, kwamba wasomi na wanakijiji wale chungu kimoja, kisha watie saini Mkataba wa Ushirika. Katika mkataba huo, kwa herufi ndogo, kifungu cha tisa kilisema maji yatafunguliwa siku mbili kwa juma, milele. Amri ikashuka kwa Bi Namtende: apike chakula cha asili kwa wageni arobaini.

"Bibi, utawapa nini?" Zuhena akauliza.

"Nitawapa walichoandika."

"Si watakufa!"

"Mbona sisi hawakutuuliza hivyo?" Kisha sauti ikamlegea. "Simfichi mtu, mwanangu. Nitawaambia wazi kabla hawajatia mkono."

Siku ya sherehe Profesa Magwaru aliamuru lango lifunguliwe, ili wafadhili wasikie mto ukiimba, na lisifungwe mpaka atakaporudi kitini atoe amri. Wanawake wa Mivuje walipoona maji, kabla hata ya kuwapokea wageni, walitumbukiza mihogo yao mtoni. Wasomi wakakaa jamvini uani kwa Bi Namtende, wakanawishwa mikono, wafadhili wakitazama kutoka kando. Na desturi ya Mivuje ni hii: mgeni aliyenawa hainuki kabla ya kula; akiinuka, hakuna mapatano yatakayosimama baina yake na mwenye nyumba. Wafadhili walilisikia hilo wakalipenda, wakaliandika.

Sinia likaletwa. Ugali ulikuwa mweupe kama kuta za Kipeo.

"Karibuni," akasema Bi Namtende, amesimama, Zuhena kando yake na fimbo zake mbili. "Muhogo wa ugali huu nimeuvundika siku mbili, kama kitabu chenu kilivyosema. Sikuongeza hata saa moja. Anayekiamini kitabu, ale."

Profesa Magwaru alikuwa tayari ameshika tonge. Akamtazama Daktari Hezroni.

"Daktari, kitabu ni chako. Anza wewe."

"Mkuu, aliyetangulia kwa cheo hutangulia kwa tonge," Hezroni akajibu, macho chini.

Wafadhili wakangoja, kalamu mkononi. Kula ni hatari, kukataa ni kukikana kitabu, kuinuka ni kuvunja mkataba. Basi wakakaa. Jua likazama wamekaa, likachomoza wamekaa. Wafadhili wakachoka, wakapanda magari yao wakaahidi kuandika barua. Wasomi hawakuinuka, kwa kuwa kila mmoja alihofia kuitwa yeye ndiye aliyevunja mkataba. Siku ya pili njaa iliwauma kweli kweli, na ilipofika asubuhi ya tatu sinia lilionekana limepungua matonge kadhaa. Hakuna aliyekiri, na mpaka leo watu wa Mivuje wanabishana ni nani aliyekula.

Siku hiyo ya tatu Bi Namtende aliweka jembe mbele ya Profesa Magwaru, kama desturi ilivyotaka, naye hakuligusa. Huko Kipeo kukasikika kelele za viti vikiburutwa, waliobaki wakivigombania.

Maji yalitembea siku nne, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuamuru yasitembee. Siku ya nne Bi Namtende akatoa muhogo mtoni, akauminya, ukapondeka kati ya vidole kama zamani. Alilia hadharani, hakujali. Akaukamua maji, akautwanga, akausonga, akamlisha Rehani kwanza, halafu Zuhena, halafu akampelekea Profesa tonge moja.

"Huu ni wa siku nne," akasema.

Profesa alikula kwa pupa. Alipokuwa angali anatafuna, sauti ya mto ikaanza kufifia, ikawa mchirizi, ikanyamaza.

"Nani amefunga?" akafoka Profesa.

"Aliyekaa kitini."

"Lakini siku mbili hazitoshi!" Alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Hazitoshi! Watu wataumia!"

Bi Namtende akaliondoa sinia. Hakucheka.

"Panda ukawaambie, baba," akasema. "Watakuletea mtafiti."

Profesa Magwaru akataka kusimama. Magoti yakagongana. Labda ni kukaa sana, labda ni yale matonge. Akapapasa pembeni kutafuta cha kushika, na kilichokuwa karibu yake ni jembe.